Kutoka Hombolo hata Babati kwa Pikipiki

Wengi wenu mwaijua Hombolo kwa bwawa lake, lililojengwa mwaka 1957, au kwa mizabibu na mtama wake. Si mahali pa kupitia. Barabara kuu ya Dodoma na Morogoro yapita mbali nasi, huko Ihumwa, na mwaka 2019, nilipokuwa mwalimu huku, mtu aliyetaka kwenda popote hakuwa na budi kuanza kwa njia ya mchanga. Nalikuwa na pikipiki ndogo, ya namna ile wanayobebea vijana abiria, nami naliipenda kupita kiasi.

Mwezi wa tatu mwaka ule nalipata habari kwa dada yangu akaaye Arusha. Tangu mazishi ya baba yetu hatukuwa tukisemezana vizuri. Palikuwa na neno la shamba, ambalo si la kuandikwa hapa. Sasa dada akasema, “Njoo Pasaka, tuyamalize.” Nami nikajibu papo hapo kwamba naja, kabla sijahesabu kitu.

Jioni nikachukua kalamu. Ijumaa Kuu sikuweza kuondoka, kwa kuwa kwaya ya wanafunzi ilikuwa mikononi mwangu. Jumanne asubuhi ni shule. Basi nalikuwa na Jumamosi ya kwenda, Jumapili ya kukaa, na Jumatatu ya kurudi. Kutoka Hombolo mpaka Dodoma mjini ni kama kilomita 40. Dodoma mpaka Babati ni 251. Babati mpaka Arusha ni kama 170. Jumla ni 460 na kitu. Pikipiki ile yaweza kukimbia sana, walakini ukitia ndani vijiji, matuta ya barabarani na mzigo nyuma, mwendo wa kweli haupiti kilomita 45 kwa saa. Hizo ni saa 10 na robo. Jua la mwezi wa nne kwetu huchomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, na kuchwa vivyo hivyo jioni, yaani saa 12 za mwanga. Hesabu ikakubali! Nikalala kwa furaha.

Asubuhi nikampelekea karatasi jirani yangu, mzee wa Kigogo ambaye katika ujana wake alikuwa utingo wa malori katika njia ya Kondoa. “Mbukwa,” nikamwamkia, naye akaitika, akavaa miwani yake, akasoma polepole. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, pancha umeiandika wapi?”

Nikanyamaza. Akaendelea, “Na mvua? Na mgongo wako? Tena Jumatatu, ukirudi umechoka, giza litakukuta wapi?” Nikatazama tena ile karatasi, nikaona jambo ambalo sikuliona usiku: sehemu mbaya kuliko zote, ule mchanga wa Ihumwa hata Hombolo, ilikuwa ya mwisho kabisa katika kurudi. Nalikuwa nimeiweka saa ile ambayo macho na mikono imechoka, jua likizama, na ng'ombe wakirudi nyumbani njiani.

Mzee akanieleza jinsi malori yalivyokuwa yakilala matopeni siku za masika, na utingo akikata matawi ya kutia chini ya magurudumu. Siku hizo hakuna aliyeahidi saa ya kufika. Lami ilifuata baadaye sana, kipande kwa kipande: Dodoma hata Mayamaya, Mayamaya hata Mela, Mela hata Bonga, na Bonga hata Babati, barabara nzima ikazinduliwa mwaka 2018. Ni kazi njema mno. Lakini nadhani lami ile ndiyo iliyonidanganya, maana mtu akiona njia nyeusi iliyonyoka hudhani ya kuwa na siku yake imenyoka.

Nikaikata safari. Babati anakaa mama yetu mkubwa. Niishie hapo, na dada ashuke kwa basi kutoka Arusha. Kwa kilomita lilikuwa jambo jepesi. Kulisema ndiyo kazi. Dada ndiye mkubwa, naye ndiye aliyetangulia kunyosha mkono. Sasa mimi mdogo nimwambie aje nilipo! Nilipompigia simu, kwanza hakusema kitu. Kisha akasema, “Kumbe mimi ndiye nije?” Nikamweleza saa na kilomita kama nifundishaye darasa la tano, nikamwambia na lile swali la mzee. Akajibu, “Nitaona,” akakata. Hata siku ya kuondoka sikujua kama atakuja.

Hata hivyo nikajitayarisha. Mafuta ya injini nalibadili Jumatano wala si Ijumaa, ili nipate siku mbili za kuona kama yavuja. Nikakaza cheni, nikatazama breki, nikanunua tyubu mbili, viraka, gundi, plagi na pampu ya mkono. Naona afadhali mtu aache shati la pili kuliko kuacha pampu. Tangi huingia lita 11, na kila lita hunipeleka kama kilomita 40, hata kwa hesabu petroli ya Dodoma ingalinifikisha Babati. Walakini nikaazimu kujaza tena Kondoa. Leseni na bima nikazifunga katika mfuko wa nailoni pamoja na koti la mvua. Mke wangu nikampa majina ya miji na saa zake, ajue pa kuulizia nikikawia.

Jumamosi, tarehe 20 Aprili, nikaondoka jua likichomoza. Nalipita Mayamaya salama. Mbele ya Chemba gurudumu la nyuma likalegea: msumari. Chini ya mbuyu nikaitoa tyubu, watoto wanane wakinitazama na kunifundisha. Ikanichukua saa 1 na robo.

Kondoa nikajaza petroli na kula. Vilima vya nchi ile vimekatwa makorongo mekundu na maji ya mvua. Mwaka 1973 serikali ilianzisha huko kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika. Ilikuwa amri nzito kwa wafugaji, lakini majani na miti vilirudi. Mbele kidogo ni Kolo, penye michoro ya kale ya miambani, ambayo bibi Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, nayo ikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Nalikuwa nimejipangia kuiona. Lakini huko hupandwa kilima pamoja na kiongozi, na saa zile zilikuwa zimekwisha kuliwa na msumari. Nikapita kibao chake bila kugeuka.

Bereko ni juu, kuna baridi. Mvua ikanikuta hapo, nikajibanza barazani mwa duka hata ikapungua. Nalifika Babati saa tisa na nusu. Kama ningalikuwa naendelea, zingalibaki kilomita 170 na mwanga wa saa 3.

Nyumbani kwa mama mkubwa nalimkuta dada ameketi jikoni, akichambua mchele. Alifika tangu saa saba. Akaitazama mikono yangu, myeusi kwa mafuta ya cheni, akaondoka akaleta maji na sabuni, akanimiminia yeye mwenyewe. “Ndiyo ile pancha?” akauliza. Nikasema ndiyo. Habari ya shamba twaliizungumza Jumapili alasiri, mama mkubwa ameketi kati yetu. Hatukuimaliza yote, ila yeye na mimi twalijua sasa kila mmoja anataka nini.

Jumatatu nikaondoka saa moja asubuhi, na saa kumi nalikuwa nimekwisha kuvuka mchanga, jua lingali juu ya bwawa. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba yake. Hakuuliza habari za Babati.

“Ngapi?” akasema.

“Moja tu, Mzee.”

Akasogea, akanipa nafasi katika benchi.