Jino la mwanangu na masomo ya usiku ya daktari

Mwanangu alianza kulia usiku wa tatu tangu tufike Lamu. Ilikuwa likizo ya Desemba ya mwaka juzi, na kama ilivyo desturi yetu sisi tunaoishi Mombasa, nilikuwa nimempeleka kwa bibi yake mtaa wa Langoni akale samaki na halwa hadi shule zifunguliwe. Samaki hawakuwa na neno. Halwa ndiyo iliyoleta fitina. Mchana kutwa alikuwa akishika shavu la kushoto kila anapotafuna, na usiku huo hata kuuweka uso kwenye mto ilikuwa taabu.

"Ndoo hapa, mjukuu wangu," mama alimwita, akammulika kinywani kwa tochi ya simu. Hakuchukua muda kukata shauri. "Asubuhi na mapema ling'olewe. Hilo ni la utoto, litaota jingine."

Msomaji, maneno hayo sikuwa nikiyasikia mara ya kwanza. Nilipokuwa na miaka saba, mama huyu huyu, kwa nia njema kabisa, alinipeleka hospitali moja ambayo sitaitaja, nikang'olewa gego la chini. Naye aliambiwa litaota jingine. Halikuota. Gego la kwanza la ukubwani huchomoza mtoto afikapo miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Ndiyo maana wazazi wengi hulidhania kuwa la utotoni. Pengo langu lipo hadi leo, na jino la jirani limeliinamia. Mama anajua. Hatulizungumzi.

Daktari wa meno tuliyemkuta asubuhi ana chumba kimoja, kiti kimoja na feni moja. Si mwenyeji, alikuja kutoka bara miaka kadhaa iliyopita na sasa hukisema Kiamu kumshinda mwanangu. Nilitaraji koleo. Badala yake alimwomba mtoto amhesabie vidole, akampulizia upepo kwenye meno, akagonga moja moja kwa mpini wa kioo chake kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikaingiwa na wasiwasi.

"Hukulala, daktari?"

"Nilikuwa darasani hadi saa sita, dada," akajibu huku akicheka.

Huenda nawe, kama nilivyokuwa mimi, hujui kwamba daktari wa meno nchini Kenya hapewi leseni ya maisha. Leseni yake hufa tarehe 31 Desemba ya kila mwaka. Ili aihuishe, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hadi mwaka 2019 liliitwa Bodi, humtaka awe amekusanya pointi 50 za kujiendeleza kielimu. Pointi hizo hupatikana kwenye mikutano ya kitaaluma, mihadhara ya hospitalini na kozi zilizoidhinishwa, zikiwemo zile zinazofundishwa kwa njia ya intaneti. Desemba, basi, ndio mwezi wa mbio kwa wale walioziacha zikalala.

(Diploma yangu ya uandishi imetundikwa ukutani kwa mama, karibu na saa. Tangu niipate hakuna aliyewahi kuniuliza nimejifunza nini kipya. Tungeulizwa kila Desemba, sijui tungebaki wangapi gazetini.)

Zamani, kusaka pointi kutoka Lamu kulikuwa na gharama yake. Daktari alifunga kliniki, akavuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la kwenda Mombasa na mara nyingine akaendelea hadi Nairobi. Mkutano wa siku mbili ulimla siku tano au sita. Katika siku hizo mgonjwa aliyekuja kutoka Faza au Kizingitini, aliyengoja maji yajae ndipo boti ipite mkondo wa Mkanda, aliukuta mlango umefungwa. Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipozuia mikusanyiko, mihadhara mingi ilihamia mtandaoni. Wenzake wa mijini walilalamika kwamba wamekosa chai na soga za mapumzikoni. Yeye alinunua bando.

Anasomea juu ya paa. Kuta za nyumba za mji mkongwe wa Lamu ni za mawe ya matumbawe, nene kama za ngome, na mtandao hauzipendi. Basi usiku, watu wanapotoka misikitini, yeye hupanda na simu, daftari na kiti cha plastiki. Kuna usiku upepo wa kaskazi huvuma hata asimsikie mwalimu. Kuna usiku mtandao hukatika mtihani ukiwa umebakiza maswali mawili, akaanza upya.

Nilimtupia swali la kiuandishi: je, hakuna wanaodanganya?

"Wapo," alisema bila kusita. "Mtu huifungua simu, akaiacha ikihutubia ukuta, naye yuko barazani anakunywa kahawa. Pointi zinaingia vile vile. Nami nimepata kufanya hivyo, mwaka mmoja nilipochoka."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini mwanangu alikuwa bado kitini, na tulipaswa kuamua.

Daktari alitueleza hivi. Gego la utotoni la kushoto lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, usaha ulikwisha kutunga, hilo lingeng'olewa. La kulia lilikuwa na tundu pia, ila halijafika kwenye kiini. Liliuma kwa maji baridi na utamu, kisha likatulia. Jino kama hilo mtoto huishi nalo hadi miaka 10 au 11, na ndilo linalolishikia nafasi jino la ukubwani lililo chini yake. Likiondoka mapema, majirani husogea. Hapo mama alinitazama mdomoni, akageuza uso.

Alichopendekeza daktari ni dawa ya matone, mchanganyiko wa madini ya fedha na floridi. Hupakwa kwa kijiburashi ndani ya tundu, bila sindano ya ganzi wala mashine ya kutobolea. Fedha huua vijidudu, floridi hugandisha sehemu iliyolainika ikawa ngumu. Tone moja hutosha meno kadhaa. Wajapani wameitumia kwa zaidi ya nusu karne, Marekani iliiruhusu mwaka 2014, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Chuoni hakufundishwa dawa hiyo. Aliijulia juu ya paa, kwenye kozi ya mtandaoni yenye picha za meno ya watoto kabla na baada.

"Ina ila moja," akaongeza. "Palipooza patakuwa peusi kama wino, na weusi huo hautoki."

Mama aliruka. "Jino jeusi! Mtoto achekwe madrasa? Mng'oe yote mawili, mwanangu daktari, tumalize."

Walishindana kwa adabu, kwa "mama" na "mwanangu", na mimi katikati nikiwa sijui niegemee upande gani. Mama alikuwa na hoja, kwani watoto hawana huruma. Kwa upande wa pili nilikuwa na ulimi wangu, ambao kwa miaka zaidi ya ishirini umekuwa ukienda wenyewe kwenye pengo. Aliyekata shauri ni mwanangu. Aliuliza kama dawa ya wino inauma. Alipoambiwa haiumi, akafunua kinywa.

Umeme ulikatika daktari akiwa katikati ya kazi, feni ikazima, naye hakujali kwa kuwa hakuwa na chochote cha kuchomeka. Alipaka dawa. Kisha aliona gego jipya la ukubwani, ndugu wa lile nililopoteza mimi, likichungulia nyuma. Alilisafisha mifereji yake kwa vyombo vya mkono, akalipaka saruji maalumu ya meno na kuishindilia kwa kidole. Alisema njia hii ya kutibu bila mashine aliisoma kwenye kozi iliyoandaliwa ng'ambo, akacheka peke yake pale juu ya paa alipofika kwenye historia yake. Kumbe ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya themanini, Mholanzi Jo Frencken alipokuwa akifundisha chuo cha meno Dar es Salaam na kutafuta namna ya kuziba meno mahali pasipo umeme. Shirika la Afya Duniani liliinadi mwaka 1994. Maarifa yaliyozaliwa pwani hii hii yalizunguka dunia, yakamrudia kwa bando.

La kung'olewa liling'olewa mwisho, kwa ganzi, na kilio kilikuwa kifupi kuliko nilivyohofu.

Tulipokuwa tukiaga ndipo daktari alipomgeukia mama. "Na wewe mama, kaa kidogo nikuangalie shavuni."

Mama hutafuna tambuu tangu ujana wake. Alijibu kwamba yeye haumwi na lolote. Daktari hakubanduka. Miezi miwili nyuma alikuwa amesoma somo zima la saratani ya kinywa, picha baada ya picha, namna ya kutambua baka jeupe au jekundu lisilouma kabla halijawa kidonda. Uraibu wa tambuu, hata usiotiwa tumbaku, ulitangazwa na wataalamu wa kimataifa wa saratani kuwa unaleta ugonjwa huo. Tangu somo hilo hamwachi mzee yeyote atoke bila kumkagua. Mama alikaa, akakunjua mtandio, akafungua kinywa kwa hasira. Hapakuwa na kitu. Aliambiwa apunguze na arudi baada ya miezi sita.

Niliporudi peke yangu jioni kulipa salio, nilimwambia nataka kuandika habari za masomo yake. Alikubali, ila akanitaka nisiyapambe. Akanisimulia jinsi alivyotazama mara tatu mhadhara wa kutibu mzizi wa jino, mwalimu akitumia darubini, kila kitu kikionekana rahisi kama kumenya ndizi. Kisha akaja mvuvi kutoka kisiwa cha Pate. Ilimchukua saa mbili, na kisindano cha kusafishia mzizi kikamvunjikia ndani. Ilibidi mvuvi yule apelekwe Mombasa, akakosa bahari wiki nzima wakati wa samaki wengi. Daktari alimlipia nauli.

"Jicho langu linaweza kusoma usiku kwa simu," alisema, akinionyesha viganja. "Hii mikono haina macho."

Tangu siku ile kazi ngeni ya mikono haiigi kutoka kwenye simu. Mara moja kwa mwaka hufunga kliniki, akaenda kusimama kando ya anayeijua, hata kama pointi zake zimekwisha kutimia. Nilimwuliza kama Baraza humwongezea chochote kwa nauli na siku anazopoteza. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

Tulirudi Agosti, kusi likivuma na boti ya Mokowe ikitutupa huku na huku. Jino lilikuwa jeusi ti, gumu, halijauma hata siku moja. Madrasa walimcheka siku mbili, kisha akawaambia kwamba ni jino la fedha, wakataka kuligusa. Mama alikuja naye bila kuitwa, akaketi kwenye kiti kabla ya mjukuu wake. Hakuwa ameacha tambuu. Alisema amepunguza, na daktari hakubishana naye.

Alimpaka mtoto mara ya pili, akatazama saa ya ukutani na kuomba radhi. Darasa lilikuwa linaanza saa mbili usiku na bando hajanunua.

"Daktari naye ana mtihani?" mwanangu aliuliza tukishuka ngazi.

"Anao."

"Akifeli, atang'olewa jino?"