Kaiti Ikianguka, Vuta Kamba

Wasee, kuna video moja ilininyima usingizi hadi saa tisa usiku. Si muziki, si mastaa wakitupiana maneno. Ni watu wazima huko Japani wakirusha vishada.

Cheka, lakini ngoja nimalize.

Mahali penyewe panaitwa Shirone, katika jiji la Niigata. Kila mwaka mwanzoni mwa Juni, joto la kwao likianza kupanda, watu hukusanyika kando ya mto Nakanokuchi kwa siku tano. Timu za mashariki zinasimama ukingo huu, za magharibi ukingo ule. Na nikisema kishada usifikirie kile cha mtoto. Vile vikubwa vina urefu wa mita 7 hivi na upana wa mita 5. Chumba ninacholipia kodi hakitoshi kutandaza kimoja. Ni mianzi na karatasi, na mchoro mkubwa wa rangi kali juu yake. Kukirusha si kazi ya mtu mmoja. Ni kundi zima linakimbia na kamba moja, wakipiga kelele kama watu wanaosukuma matatu iliyokwama.

Sasa sikiza. Timu moja inapeleka kishada chake juu ya mto. Timu ya ng'ambo inarusha chake, inakisogeza mpaka kinase kwa cha wenzao. Vinazungukana, vinakosa upepo, vinaanguka mtoni vyote viwili. Karatasi inalowa, inararuka. Mimi nikajiambia basi, imeisha, ni sare.

Kumbe hapo ndipo shughuli inaanza. Watu wa kila upande wanashika kamba na kuvuta, ukingo kwa ukingo, visigino vimezama kwa nyasi, mpaka kamba ya upande mmoja ikatike. Iliyokatika ndiyo imeshindwa.

Yaani kule, kishada kuanguka si kushindwa. Kushindwa ni kamba kukatika. Nilirudia hiyo video mara sita.

Sisi tuliokulia Kayole tulikuwa na sheria zetu. Kwanza hatukusema kishada, tulisema kaiti. Ilikuwa juala, njiti mbili za ufagio na uzi wa gunia, ule unaufungua polepole halafu unauunga fundo kwa fundo na kuuzungusha kwa mkebe. Hizo ni enzi za kabla majuala kupigwa marufuku Agosti 2017. Likizo ikifika, mimi nilikimbia na kaiti, binamu yangu akashika mkebe. Mshindi ni aliyefika juu zaidi, basi.

Adui yetu alikuwa waya za stima. Kaiti ikinasa pale, umetoka. Na hakuna aliyethubutu kuvuta, kwa sababu kila mzazi alikuwa ameshatuambia vile stima huua mtu. Kwa hivyo tulijua la kufanya: kata uzi, toroka, kabla mwenye ploti hajatoka kuuliza ni ya nani. Lakini kaiti yenyewe haikutoroka. Ilibaki pale juu miezi, mvua na jua, na kila mtoto akipita anaionyesha kidole: ile ni ya fulani.

Miaka kadhaa baadaye nilifanya vilevile na chuo kikuu.

Nilipopata nafasi, familia ilifanya harambee. Shosho aliuza mbuzi wake wawili. Anko wangu alikuwa mwenyekiti wa kamati, alisimama mbele ya watu na kusema huyu kijana ndiye wetu. Mwaka wa pili nikaacha. Huku mtandaoni nimewaambia ilikuwa karo, na ni kweli karo ilichelewa. Ile sehemu ambayo sijawahi kuwaambia ni kwamba kufikia hapo nilikuwa sijaingia darasani wiki nyingi. Nilikuwa nashinda kwa chumba nikihariri video. Mitihani miwili ilipita nikiwa nimelala.

Na sikumwambia mtu nyumbani. Anko alisikia kutoka kwa mtu mwingine. Akaandika kwa kundi la familia: "Hizo pesa zilikuwa za watu." Maneno matano tu. Nikatoka kwa kundi. Nikabadilisha laini. Krismasi mbili zimepita sijakanyaga ushago.

Kata uzi, toroka.

Nyinyi mnanijua kama yule msee aliyeacha chuo na hajutii. Ukweli ni kwamba kuna siku sijutii na kuna siku najuta kabla sijapiga mswaki. Lakini nikijiuliza vizuri, kinachonikera si kaiti kuanguka. Ni vile nilikata uzi na watu wangu wakiwa bado wameushika.

Baada ya ile video nikaanza kusoma kuhusu Shirone. Hadithi inayosimuliwa huko inarudi karne ya 18. Watu wa ukingo mmoja walirusha kishada kikubwa, kikaangukia ng'ambo na kuharibu mimea ya wenyewe. Wale wa ng'ambo wakawaka. Wakatengeneza chao wakakiangusha upande wa pili, makusudi. Kisasi kabisa. Hawakufanya kikao wakasema tusahau. Badala yake hasira yao ikawa mchezo wenye siku zake na sheria zake, na leo wajukuu wao wanangoja Juni kwa hamu.

Mchezo wa vishada uko kwingi, na kwingine kukata ndiko ushindi. Ahmedabad, India, tarehe 14 Januari, mapaa ya nyumba hujaa watu na nyuzi zilizopakwa unga wa glasi. Unausugua uzi wa mwenzako na wako mpaka ukatike, kishada chake kinaenda na upepo, watoto wanakikimbilia. Ni tamu kutazama, siwezi kukataa. Lakini fikiria uliyekatwa. Umebaki na uzi mkononi, na upande ule mwingine hakuna kitu. Shosho yangu amebaki hivyo miaka miwili.

Na msifikirie hii ni ile posti ya "ukianguka, inuka". Vile vishada vya Shirone haviinuki. Vinatolewa mtoni vikiwa matambara, na mwaka ujao watu wanatengeneza vingine. Mimi pia sidhani nitarudi kwa kile chuo. Mbuzi wa shosho hawarudi. Hiyo imeanguka na imelowa. Swali langu lilikuwa moja tu: kamba je?

Jumapili nikampigia binamu yangu, yule wa mkebe. Namba yake nilikuwa nayo kichwani muda huu wote. Aliposikia sauti yangu alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe uko hai."

Nikamuuliza kama anko bado ana hasira.

"Sana."

"Na shosho?"

"Shosho huuliza tu kama unakula."

Hapo nilishindwa kuongea kidogo. Nikajifanya mtandao unasumbua.

Alinirudisha kwa kundi. Niliandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwisho nikatuma hii: "Anko, shosho, na nyote, habari zenu. Niliacha chuo na sikuwaambia. Mlitoa pesa zenu, mlistahili kusikia kutoka kwangu. Nisameheni. Agosti nakuja nyumbani."

Tiki mbili, zikawa buluu. Shangazi mmoja akatuma mikono ya maombi. Binamu wadogo, kimya. Anko aliona saa nne asubuhi na hakusema kitu mchana kutwa. Nilikuwa naangalia simu kila dakika mbili kama mtu anayengoja pesa.

Saa moja usiku akajibu: "Njoo. Tutaongea."

Namjua anko. Hataniandalia chai na kunipigapiga mgongo. Ataniketisha mbele ya wazee wenzake na ataniuliza kila shilingi ilienda wapi, na hana haraka. Atavuta kwa nguvu zake zote.

Sawa tu. Niko ng'ambo hii, na safari hii nimeshika.