SAMAKI ASIYECHIMBA



Wiki iliyopita nilitembelea familia moja ya kanisa letu. Sebuleni wana tangi la samaki la maji ya chumvi. Nikiwa nangoja chai, nikasikia "tak!" kama mtu amevunja kijiti. Mwenye nyumba akacheka: "Ni kamba huyo, Pasta. Anapiga gando lake."

Nikasogea. Kamba mdogo kama kidole alikuwa akisukuma mchanga kutoka shimoni kama tingatinga. Mlangoni amekaa samaki mdogo, ametulia tu. Hachimbi, habebi. Nikasema moyoni, huyu ni mvivu.

Kumbe sikujua. Kamba huyu haoni vizuri. Kila akitoka nje, huweka sharubu yake juu ya mwili wa samaki. Samaki ana macho makali, lakini hana uwezo wa kuchimba nyumba kama ile. Akiona hatari, hutikisa mkia, na kamba hurudi ndani mara moja. Hatari ikizidi, samaki naye huingia. Usiku wanalala shimo moja. Hata baharini ndivyo wanavyoishi.

Mpendwa, chai ilinipoa mkononi. Nilimkumbuka mzee mmoja wa kanisa letu. Tulipotaka kununua ploti, aliniambia, "Pasta, tusilipe kabla ya kuthibitisha hati miliki." Mimi nikaona ananipinga. Nikasema, huyu hajawahi kubeba hata jiwe moja hapa, kazi yake ni maswali tu. Nikalipa. Baadaye tukajua aliyetuuzia hakuwa mwenye shamba. Pesa zile zilikuwa sadaka zenu, nyingine za mama anayeuza sukuma wiki. Hazijarudi hadi leo.

Mzee alikuwa ametikisa mkia. Mimi ndiye niliyeondoa sharubu.

Nimeenda nyumbani kwake, nikaomba msamaha. Hakunikemea. Alisema tu, "Pasta, tuendelee na kazi." Na ninyi pia leo nawaomba msamaha. Sasa hakuna shilingi ya kanisa itakayotoka bila yeye na wazee wenzake kuangalia.

Wewe je? Mungu hakukupa kila kitu. Amekupa mikono, na macho akampa mwingine. Pengine ni mke wako, anayekuambia huyo rafiki si mtu mzuri. Pengine ni mama yako kijijini. Unamwita mwoga kwa sababu hachimbi pamoja nawe. Na wewe uliyepewa macho, usinyamaze eti utaonekana mbaya. Ukinyamaza, mwenzako ataliwa.

Leo jioni soma Mhubiri 4:9-12, kisha mpigie simu mtu mmoja uliyekataa kumsikiliza.

Baba, tuondolee kiburi. Tupe unyenyekevu wa kuongozwa na macho ya wenzetu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Tuonane Jumapili.