Mwendo wa Dakika Tatu

Msomaji, twaa ramani na rula, upime kutoka Nyeri hadi Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zamani za ukoloni. Utapata kilomita 40 hivi kwa mstari ulionyoka. Ndege kubwa ya abiria, iendayo kilomita 800 kwa saa, ingeumaliza mwendo huo kwa dakika tatu. Hesabu hii ni sahihi, lakini haimfai mtu, kwa kuwa hakuna ndege ya abiria ifanyayo safari hiyo. Na kama ingekuwapo, ingelazimika kushuka kabla haijamaliza kupanda. Kwa barabara ya Karatina na Sagana mwendo wazidi kilomita 60.

Sababu ni mito. Maji yashukayo kutoka milima ya Nyandarua yameikata nchi kwa mabonde marefu, na mito hiyo, Mathioya na Maragua miongoni mwake, huishia katika Tana. Baina ya bonde na bonde pana mgongo mwembamba wa ardhi, na juu yake ndiko ziliko nyumba, mashamba na njia. Aufuataye mgongo huenda upesi. Atakaye kuukata hana budi kushuka mpaka majini, kisha apande tena. Babu yangu hakupata kuniuliza nimekwenda maili ngapi. Aliuliza nimevuka mito mingapi.

Nilimwelewa katika masika ya mwaka 2018, mvua zilipozidi kiasi sehemu nyingi za Kenya. Nilikuwa mwalimu Nyeri. Alfajiri moja dada yangu alinipigia simu kwamba mama, aliyekuwa mgonjwa, ananitaka. Sauti yake iliivuka migongo yote kwa nukta moja. Nikapanda matatu, tukapita Othaya, na kabla ya kufika Kiriaini tukakuta udongo umeporomoka na kuziba njia. Dereva alizima mashine, akalitazama tope, akasema hapiti. Nikavua viatu, nikaenda kwa miguu.

Saa nane mchana nilifika ukingoni mwa bonde la mwisho. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo, mbele ya macho yangu. Niliweza kuyahesabu mabati ya paa, na dada nilimwona uani. Rula ingesema nusu kilomita. Nikaita kwa nguvu. Akaitika, akapunga mkono, akakimbilia ndani kumwambia mama kuwa nimefika. Alikosea, nami nilikosea vilevile, maana sikuwa nimefika. Kuteremka katika utelezi, kulitafuta daraja la magogo ambalo mto ulikuwa umelichukua, kuvuka nikiwa nimeshikilia mizizi, na kupanda upande wa pili, kulinichukua saa moja na robo.

Mama alipopata habari yangu aliomba ageuzwe, auelekee mlango. Nilipoingia alikuwa angali ameuelekea. Mkono wake ulikuwa na joto bado, lakini hakuijibu salamu yangu.