KATEKISTA WA BODABODA NA NENO ALILOAMBIWA SAA NANE USIKU

Ukishuka kwenye basi pale Madaba, ile barabara ya Njombe kwenda Songea, kijiweni utakuta madereva boda wengi tu. Mmoja wao abiria wakimfuata hawamwiti "oya boda". Wanamwita Mwalimu. Hajawahi kufundisha shule yoyote. Ni katekista.

Jumatatu hadi Jumamosi anabeba watu, mbolea, hata kuku. Jumapili anavaa shati jeupe anaenda kigangoni kusimama mbele. Maana padre ni mmoja na vigango ni vingi, akija kwenu leo huenda mkamwona tena baada ya wiki kadhaa. Hizo Jumapili za katikati ibada inaongozwa na huyu huyu aliyekubeba jana kwa buku mbili. Anasoma Injili, anatoa mafundisho, anaombea wagonjwa, na kwa kuwa ana ruhusa ya kugawa Komunyo, anagawa. Tangu 1973, Papa Paulo wa Sita aliporuhusu rasmi, mlei anaweza kupewa kazi hiyo.

Ila kuna vitu hagusi. Hageuzi mkate na divai. Haungamishi. Hapaki mafuta ya wagonjwa. Hapo hata awe mtakatifu kiasi gani, mpaka padre. Shikilia hiyo, maana ndiyo iliyoleta kesi.

Basi bwana, usiku mmoja wa masika, saa nane, simu inaita. Mzee wa kigangoni hali mbaya, anataka padre. Mwalimu anampigia padre, hapatikani. Yuko kigango cha mbali na mtandao wa huko unaujua mwenyewe. Anatuma meseji, anachukua kile kikasha kidogo cha Ekaristi, anawasha pikipiki kwenye tope. Alianguka mara mbili njiani, na hiyo aliisema mke wake, yeye hajawahi kulalamika.

Anafika, mzee anawafukuza wote chumbani. Watoto wake watu wazima kabisa wakasimama koridoni kama wanafunzi waliochelewa. Mlango ukafungwa.

"Mwanangu, nataka kuungama."

"Shikamoo mzee. Mimi siwezi, mimi si padre. Padre nimemtumia ujumbe, asubuhi atafika."

"Asubuhi sifiki."

Sasa weka wewe hapo. Mtu anakufa, anakushika mkono, anakuomba kitu kimoja tu na wewe huna. Mwalimu akamwambia kile Kanisa linachofundisha: asipopatikana padre, mtu akitubu kwa moyo wote kwa kumpenda Mungu, na akawa na nia ya kuungama mara akipata nafasi, Mungu anamsamehe. Akaanza kumwongoza sala ya kutubu. Katikati ya sala mzee akachomoka na sentensi moja. Moja tu. Mwalimu akamwekea mkono begani, "Usiniambie mimi, mzee. Mwambie Yeye." Wakamaliza sala, akampa Komunyo, ile ambayo wazee wanaiita pamba ya njiani.

Padre alifika saa nne asubuhi, matope mpaka magotini. Mzee alikuwa bado anapumua ila kauli imekata. Akamwondolea dhambi, akampaka mafuta. Mchana akafariki.

Matanga hayajaisha, umbea umeshafika kijiweni, na umekuja kwa matoleo mawili. La kwanza: katekista kajifanya padre, kamuungamisha mzee. La pili, hilo la binti wa marehemu kwenye grupu la familia: katekista kamnyima baba maungamo, kamwacha ateseke mpaka asubuhi. Yaani mtu huyo huyo kafanya na hakufanya. Watu wa jumuiya wengine wakaanza kumkwepa, akigawa Komunyo wanabaki wamekaa wanasubiri Jumapili ya padre, kana kwamba ile ya mkononi mwa Mwalimu ni feki.

Padre alipokuja alilimaliza la kwanza kwa dakika tatu baada ya matangazo. Akawakumbusha kuwa wamisionari Wabenediktini wamefika Peramiho 1898, lakini imani haikutembea kwa miguu yao tu, ilitembea kwa miguu ya makatekista. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa wamisionari wa Kijerumani, makatekista ndio waliobaki na watu. Akaongeza kwamba Papa Fransisko mwaka 2021 ameifanya kazi hiyo huduma rasmi ya Kanisa. Vigelegele vikapigwa. (Posho yake haikutajwa, na hapo ndipo vigelegele vingesaidia kidogo.)

Ila ile sentensi ikabaki. Koridoni walisikia sauti, hawakusikia maneno. Familia ina shamba la mipina ambalo ndugu hawaelewani, na kuna mtoto wa nje anayesemwa semwa. Kila mmoja anaamini mzee alimtaja yeye. Mtoto mkubwa kamfuata Mwalimu na soda. Mdogo kamfuata na elfu hamsini. Kisheria yale hayakuwa maungamo, kwa hiyo hawezi kusingizia siri ya kiti cha maungamo kama padre. Hana hata hicho kisingizio. Anachojibu ni kwamba mzee alisali vizuri.

Elfu hamsini kijiweni ni siku nyingi za kukanyaga tope. Aliirudisha, na jioni ile akaonekana anakopa mafuta ya pikipiki.

Wiki iliyopita binti yule wa grupu alishuka basi la kutoka Songea na mabegi mawili. Boda wote wakamkimbilia. Akawapita, akamwendea Mwalimu, hakusalimia.

"Baba alinitaja?"

Mwalimu akafunga mabegi kwa mpira, akafuta siti kwa mkono wa koti.

"Panda dada, mvua inakuja."

Akapanda.