Nyota Zilivyobadilika kwa Mtoto wa Inyonga

Enzi ambazo Inyonga ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Mpanda, miaka mingi kabla ya mkoa wa Katavi kuanzishwa mwaka 2012, mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mtoto wa kubeba debe. Mjomba wake alikuwa mrina asali, na safari zao katika misitu ya miyombo zilikuwa za usiku. Mjomba akishapanda mtini na kienge chake, moshi ukaingia kwenye mzinga wa gome, mtoto alibaki chini akitazama nyota. Aliamini hazibadiliki kamwe.

Sekondari ilimwonyesha kwamba jua ni tufe la gesi: uvutano unalibana kuelekea ndani, joto la kitovuni linasukuma kuelekea nje. Lakini nishati inayoleta joto hilo ikiisha, nini kitaizuia nyota isijiporomokee? Jibu hakulipata darasani. Einstein alitajwa kwa ufupi katika somo moja, elektroni katika jingine, na hakuna kilichoonyesha kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Uhusiano huo aliukuta chuoni, katika habari za Subrahmanyan Chandrasekhar. Mwaka 1926 Ralph Fowler alikuwa ameeleza kwa mekanika ya kwanta kinachoshikilia nyota kibete nyeupe, yaani masalia ya nyota iliyokwisha kuwaka: elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja, kwa hiyo zikisongamanishwa zinakataa kubanwa zaidi. Mwaka 1930 Chandrasekhar, kijana wa miaka 19, alipanda meli Bombay kwenda kusoma Uingereza. Njiani alipiga hesabu upya. Aliona kwamba ndani ya masalia mazito elektroni hukimbia karibu na kasi ya mwanga, hivyo ni lazima nadharia ya uhusianifu ya Einstein nayo iingizwe. Ilipoingia, ule ukaidi wa elektroni ulilegea. Masalia yakizidi takribani mara 1.4 ya uzito wa jua, elektroni haziwezi tena kuyashikilia, nayo hujiporomokea.

Arthur Eddington, mnajimu aliyeheshimiwa kuliko karibu wote wakati huo, alimpinga hadharani mwaka 1935. Tuzo ya Nobel ilimfikia Chandrasekhar mwaka 1983.

Kwa mwandishi, hapo ndipo nyota zilipoanza kuwa na kifo. Ushahidi wa vifo hivyo uliomgusa zaidi ulianzia karibu na nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Marjorie Townsend wa NASA, aliyeongoza mradi huo, akaipa jina la Uhuru.

Uhuru ilizunguka taratibu ikipekua anga, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja, Centaurus X-3, kilikuwa kikipiga kila baada ya sekunde 4.8: ni nyota ya nyutroni, yenye uzito unaozidi wa jua ndani ya upana wa kilomita kama 20 tu. Kingine, Cygnus X-1, kilipepesa mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hakuna badiliko linaloweza kuvuka kitu kwa kasi inayozidi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo chanzo hicho lazima kiwe kidogo mno kuliko jua, lenye upana wa kilomita milioni 1.4. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba ni kizito mara nyingi kuliko jua, na leo kinatambuliwa kuwa shimo jeusi, yaani masalia yaliyojiporomokea kabisa.

Mwandishi alisoma hayo akifikiria pwani ya Ngomeni na misitu ya Inyonga kwa pamoja. Tangu hapo akitazama anga huuliza kila nyota itaishia wapi: kibete, nyutroni au shimo.

Swali gumu zaidi, la jinsi Einstein na kwanta wanavyokutana ndani ya shimo jeusi, bado halijapata jibu. Mwaka 1974 Stephen Hawking alikokotoa kwamba kwa kanuni za kwanta shimo jeusi nalo hutoa mnururisho, ingawa lenye uzito wa jua lingekuwa baridi mno kiasi kwamba hakuna chombo kilichoweza kuupima. Katikati ya shimo, hesabu za Einstein zinatoa msongamano usio na kikomo, na nadharia itakayoziunganisha kikamilifu na kwanta haijakamilika.