Waya wa mita 70 unaotuonya kabla redio haijanyamaza

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wa familia zilizohamishwa mnaotusoma kwenye simu, wengi mmeuliza kwa nini siku hizi matangazo ya kutafuta ndugu na ya mikutano ya malipo yanasomwa mara nyingine saa kumi na moja jioni, na si saa moja usiku kama zamani. Kuna waliosema tunapendelea watu wa mtaa fulani. Hapana. Sababu ni kisanduku kidogo kilichofungwa ukutani kwenye kijumba cha mtambo wa kurusha, na waya unaotoka ndani yake. Tumekitengeneza mimi na fundi wetu, basi niwaeleze.

Redio yetu mnaijua, ni ndogo. Studio iko nyumba moja, mtambo na antena viko kwenye kijumba cha mabati mita 70 kutoka hapo. Umeme wa SNEL ukikatika, mtambo unaendelea kwa betri. Betri zikiisha, mtambo unazima bila kuaga. Kwamba umeme unakatika Kolwezi, jambo hilo bado linanishangaza. Mto Lualaba uko jirani, bwawa la Nzilo na la Nseke yalijengwa miaka ya 1950, na Nseke peke yake ilijengwa kutoa megawati 248 hivi. Ukikaa Manika usiku unaona taa za migodi zinawaka huku wewe unatafuta mshumaa.

Redio ikizima katikati ya tangazo, anayepoteza si mtangazaji. Mwaka uliopita mama mmoja alikuja studio amebeba redio yake ndogo ya betri. Nyumba yake ilikuwa katika eneo linalopanuliwa na mgodi, na watu walikuwa wanaitwa kwa majina ya avenyu zao kuja kuhesabiwa. Tulianza kusoma orodha, tukasoma ukurasa wa kwanza, mtambo ukazima. Avenyu yake ilikuwa ukurasa wa pili. Alipopata habari kwa jirani, siku ya kuhesabu ilikuwa imepita, na ofisini walimwambia kitabu kimefungwa. Hakutugombeza. Aliuliza tu: “Hamkujua kama betri inaisha?”

Hatukuwa na njia ya kujua. Fundi alikuwa anatembea hadi kijumbani na kipimo chake cha volti, na usiku wenye mvua hakuna anayetoka. Redio ya kusikiliza iliyo studio inatuambia mtambo umeshakufa. Haituambii kwamba uko karibu kufa.

Kitu tulichotumia kinaitwa Arduino Uno. Ni kibao kidogo, kinaenea katika kiganja, na vibao vya jina hilo vilianza Ivrea, Italia, mwaka 2005, ili wanafunzi wajifunze kuunda vitu bila kuwa mainjinia. Wanafunzi wa hapa wanavifahamu. Kibao hiki kinaweza kupima volti, lakini kwenye mlango wake wa kupimia hakivumilii zaidi ya volti 5, na betri ya 12 inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi. Kwa hiyo unaweka rezista mbili, moja ya kiloomu 30 na moja ya kiloomu 10, zinagawa volti kwa nne. Ikiwa betri ina 12.4, kibao kinaona 3.1. Kazi ya kuzidisha tena kwa nne inafanywa na programu.

Kupima ni rahisi. Shida ni kupeleka habari studio, kwa sababu Uno haina mtandao wowote ndani yake. Kijana mmoja wa hapa redio alisema tutumie simu, kisanduku kitume ujumbe. Lakini ujumbe unahitaji uniti, na nani atanunua uniti za kisanduku kila wiki? Wi-Fi nayo, kijumba kimefunikwa mabati pande zote, na antena yetu yenyewe inapiga kelele hapo juu. Tukachagua waya. Yaani Etheneti.

Hapa nisimame kidogo, maana hata ndani ya redio watu walibishana. Etheneti si intaneti. Etheneti ni namna ya mashine kuzungumza kwa waya, ilianza Marekani mwaka 1973 katika maabara ya Xerox, na haihitaji mtu wa kukuuzia megabaiti. Kisanduku chetu kimeunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya studio. Hakuna ruta, hakuna bili ya mwezi. Intaneti ya mji mzima inaweza kukatika, sisi bado tunaiona betri yetu.

Ili Uno ipate mlango wa Etheneti unaiongezea moduli. Sokoni utakuta za aina mbili hasa. Ya bei ndogo ina chipu ya ENC28J60. Chipu hiyo inapokea na kutuma tu, kazi yote ya kuelewa mtandao inaangukia kibao. Uno ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048, na fungu moja la Etheneti linaweza kufika baiti 1,518. Ni kama kupokea mgeni mwenye mizigo katika chumba ambacho kitanda kimeshakijaza. Tena chipu hiyo inataka umeme wa volti 3.3 kuliko ule ambao pini ya Uno inaruhusiwa kutoa. Wengi huiunganisha hapo, halafu wanashangaa mbona inazima na kuwaka. Aina ya pili ina chipu ya WIZnet, W5100 au W5500. Hizi zinabeba kazi ya mtandao zenyewe, kibao kinabaki na nafasi ya kufikiri. Bei yake ni kubwa kidogo. Sisi tulichukua W5500, ikaja kutoka Lubumbashi na dereva wa basi. Ukiwa na kazi ambayo watu wataitegemea, usibane feza hapo.

Kebo ndiyo iliyotupa habari. Tuliuziwa bunda limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani ni shaba. Tukalipitisha, taa ya kijani ya mlango ikawaka, siku ya tatu ikaanza kupepesa, siku ya tano ikafa. Kikomo cha Etheneti ni mita 100, sisi tulikuwa na 70, haikuwa urefu. Tukamwita papa mmoja jirani, fundi umeme mstaafu wa Gécamines. Hakuleta kipimo chochote. Alikata kipande, akakwangua uzi mmoja kwa wembe, akatuonyesha: nje mwekundu, ndani mweupe.

“Wanangu, hii ni alumini. Wameivalisha shaba kama kanzu.”

Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba, na ikikunjwa mara kadhaa inavunjika ndani bila kuonekana. Ukishika bunda mkononi ni jepesi kuliko linavyopaswa. Muuzaji alikataa kurudisha feza. Nimelifikiria sana jambo hili: malori ya shaba yanapita mbele ya macho yetu mchana na usiku kuelekea Kasumbalesa, na sisi tunauziwa alumini. Papa alicheka tu, kisha akatuletea kutoka nyumbani kebo ya zamani, nzito, ya shaba tupu. Kati ya nyuzi zake nane, Etheneti ya kasi yetu inatumia nne. Tuliifukia ndani ya bomba la plastiki.

Programu yenyewe haina maneno mengi. Unakipa kibao anwani yake, sisi tuliweka 192.168.1.50, na kompyuta ya studio tukaipa inayomalizika kwa 10. Mtangazaji akiandika anwani hiyo kwenye kompyuta, anaona ukurasa mweupe wenye mistari mitatu: volti za betri, joto la kijumba, na kama umeme wa SNEL upo. Basi. Yule kijana alitaka kuweka picha na rangi. Fundi alikataa, na mimi nilikuwa upande wa fundi.

Sasa kazi inakwenda hivi. Umeme ukikatika, mtangazaji anafungua ukurasa. Volti zikishuka chini ya 12 mtambo ukiwa unafanya kazi, kwa betri zetu tunajua imebaki kama nusu saa. Muziki unakatwa. Yanasomwa kwanza majina ya waliopotea, kisha mikutano ya malipo na ya kuhesabiwa, ukurasa wa mwisho kabla ya ukurasa wa kwanza ikiwa jana tuliishia njiani. Baadaye tunawaambia wazi kwamba tutanyamaza, na tutarudi saa ngapi kama tunajua. Ndiyo maana mnasikia matangazo kabla ya saa yake. Yakisomwa mapema, saa moja yanarudiwa ikiwa betri bado ipo.

Kilichobaki ni radi. Mlango wa Etheneti una vitransfoma vidogo ndani vinavyotenganisha umeme wa pande mbili, lakini si kwa radi ya Kolwezi. Tangu mvua za mwezi wa kumi zianze, mlinzi akisikia ngurumo anachomoa kebo pande zote mbili, na katika muda huo tunarudi kwenye upofu wa zamani. Kwa hiyo mkiona wingu jeusi upande wa Nzilo na kuna tangazo mnalolingoja, msikae mbali na redio, na mwenye redio aongeze sauti kwa ajili ya majirani.